Chachu Iliyobaki Nyuma ya Ukuta

Vijana wa zizi la Mkiwa, kila mkija kuniangalia goti mnauliza yale yale. Hamira kiasi gani kwa ng'ombe, kiasi gani kwa kondoo, maji ya moto au ya baridi, na kwa nini madume yangu ya zamani yalikuwa yanang'aa kuliko haya mnayonenepesha nyinyi. Nimechoka kusema kwa mdomo, naandika. Mwandiko wangu mnaujua. Ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Habari za fedha sitaandika, wala za nyumba. Nyumba ipo kando ya lami, anayetaka kuiona apande basi la Dodoma atazame kushoto. Nitaandika kazi. Na niseme mapema, ili msije mkaniona najikweza baadaye: kutoka Misigiri mpaka Mkiwa hakuna mtu aliyenenepesha ng'ombe kama mimi. Wapo waliojaribu. Wengine sasa wanauza soda.

Nilianza nikiwa mswagaji. Nilikuwa naswaga ng'ombe wa matajiri kutoka mnadani Misigiri mpaka Singida mjini, kwa miguu, fimbo moja na kibuyu cha maji. Siku ya kwanza nilipoteza ndama. Mwenye ng'ombe hakunipiga, alicheka tu, akaniambia nimtafute au nisirudi. Nilimkuta amelala kwenye shamba la alizeti la watu, ameshiba, ananitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Nikajua kazi hii nitaipenda.

Pale Misigiri alikuwepo Mzee Mkumbo, Mnyiramba mfupi mwenye sauti nene, mpimaji wa ng'ombe kwa macho. Huyo ndiye aliyenifundisha kutumia ngumi. Alinishika mkono, akaukunja, akaubonyeza kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto wa ng'ombe, nyuma ya mbavu.

"Unasikia nini, Mnyaturu?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Ngoja. Acha haraka."

Nikangoja. Mara kitu kizito kikajigeuza ndani, kikaisukuma ngumi yangu polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Sasa?"

"Kimepita."

"Hicho ndicho unachonunua," Mzee Mkumbo akasema. "Ngozi na pembe ni nguo tu. Likijigeuza hilo tumbo vizuri, ng'ombe ana akili. Likinyamaza, hata akiwa mnene namna gani, wewe umenunua maiti inayotembea."

Ngumi hiyo ndiyo chombo changu cha kwanza, na bado ninayo. Nyinyi mna mzani wa chuma na simu. Sawa. Lakini simu haisukumwi na tumbo.

Nilipoanza zizi langu pale Mkiwa, nilikuwa nanunua madume makongwe, mifupa mitupu, nayalisha pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Singida ukikosa kingine mashudu hukosi, kila kona kuna mashine ya kukamua. Nikafikiri kazi ni kujaza tu. Ng'ombe aliyezoea mabua makavu ya mtama maisha yake yote, mimi namwagia pumba debe zima siku ya kwanza. Siku ya pili anaharisha uji wenye punje. Baada ya hapo ameacha kucheua, anasaga meno, macho yameingia ndani. Nabonyeza ngumi: kimya. Nilizika madume mazuri. Majirani wakasema nimelogwa. Bwana mifugo wa wakati ule akasema tindikali imejaa tumboni, nipunguze pumba. Alisema kweli. Lakini nikipunguza pumba hawanenepi, na nisipopunguza wanakufa. Nikawa katikati, kama mtu aliyesimama mlangoni na mlango hauingiliki wala hautokeki.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Mke wangu Paulina ni mtoto wa Issuna. Mama yake alikuwa mpikaji wa pombe ya mtama, na watu walikuwa wanatoka Ikungi kwa baiskeli kuja kunywa kwake. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu vijana wa siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe mbele ya kanisa. Kwa ukoo wa mke wangu haikuwa hivyo. Mkwe wa kiume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Haingii chumba chake, hali chakula mbele yake, halitaji jina lake. Nikienda Issuna nilikuwa nakaa nje kwenye kigoda, mgongo nimeupa ukuta wa nyumba yake ya tembe, yeye yuko ndani na mitungi yake. Naamkia ukuta, "Shikamoo mama," ukuta unaitikia, "Marahaba." Yanayobaki anasema Paulina.

"Mwambie mumeo ng'ombe wanaendeleaje."

"Mama anauliza ng'ombe."

"Mwambie mama wanaharisha."

"Wanaharisha, mama."

"Mwambie mumeo nimesikia."

Siku moja Paulina alichoka. Akasema, "Nyinyi mnasikiana wote, mimi naenda kuteka maji," akabeba ndoo akaondoka. Tukabaki mimi nje, yeye ndani. Kuku mmoja mwekundu alikuwa anaparua chini ya ukuta. Nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu:

"Wewe kuku. Wewe ungekuwa unafuga ng'ombe, na ng'ombe wako wanaharisha, ungewapa machicha yangu ya pombe. Mabichi, ya leo leo. Mbuzi wangu wanakula mahindi ya kuiba shamba zima na hawaharishi, kwa sababu asubuhi wameanza na machicha."

Nikamgeukia kuku.

"Kuku, mama akisema machicha, anasema kiasi gani?"

"Kuku, ni konzi mbili kwanza. Ukiona anacheua vizuri, ongeza. Na usiyapashe moto, utayaua."

"Yanauawaje, kuku? Machicha si makapi tu?"

Ndani akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko chake.

"Kuku huyu hana akili," akasema. "Yangekuwa makapi yangetoa povu?"

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Chuo changu kilikuwa ukuta wa udongo, na msemaji wetu kuku. Miaka yote iliyofuata, Paulina akiwepo tulisema kwa Paulina, asipokuwepo tulisema kwa kuku. Kuku walibadilika wengi, mazungumzo yaliendelea.

Nilibeba machicha kwenye madumu nyuma ya baiskeli kutoka Issuna mpaka Mkiwa, yananichuruzika mgongoni, nanuka kilabu cha pombe mchana kweupe. Abiria wa mabasi pale njiapanda walinicheka. Nikawapa ng'ombe konzi mbili mbili juu ya pumba. Kuharisha kukakoma. Ng'ombe wakaanza kucheua wakiwa wamelala, jioni zizi zima linatafuna kama watu wanaonong'ona. Nikibonyeza ngumi, tumbo linajigeuza na kuisukuma kwa nguvu. Nikapandisha pumba polepole, nikapandisha mashudu, na hawakuanguka. Walionicheka waliacha kucheka. Wachinjaji wa mjini wakaanza kunitafuta mimi, siyo mimi kuwatafuta wao. Hayo mnayajua.

Kesi ngumu zilikuwepo. Wafanyabiashara wa mjini, Waislamu, walipenda kondoo zangu kwa ajili ya Idi, lakini mmoja wao, Bwana Salimu, aliposikia harufu ya yale madumu alirudi nyuma.

"Ndugu yangu, kondoo huyu anakunywa pombe?"

"Hanywi, bwana. Anakula machicha."

"Na machicha yametoka wapi?"

Sikubishana naye. Mtu na dini yake. Kondoo wa Idi nikawatenga, nikawaanzishia hamira ya dukani, hii ya maandazi. Maji ya uvuguvugu unayoweza kutumbukiza kidole bila kukunja uso, molasi kidogo, unaacha itoe povu, unachanganya na pumba. Kijiko cha chai kwa kondoo, vijiko viwili vikubwa kwa ng'ombe, kila siku. Maji yakiwa ya moto umepika maiti. Ilifanya kazi. Nasema kweli, ilifanya kazi. Lakini kondoo wa hamira na kondoo wa machicha ya mama mkwe nilikuwa nawatofautisha kwa ngumi, macho nimefumba.

Mtu aliyenieleza sababu ni Bi Rehema, bwana mifugo wa sasa, ingawa ni mwanamke bado tunamwita hivyo na yeye anacheka. Alisema chachu ni kiumbe hai kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kikifika kwenye tumbo kubwa la ng'ombe kinamaliza hewa inayoingia na chakula, kinawasaidia wale wadudu wengine wanaosaga majani, na tindikali haipandi ovyo. Lakini chachu zina koo zake kama ng'ombe. Ya maandazi imechaguliwa kwa kuumua unga. Zile zinazouzwa kwenye mifuko ya lishe zimechaguliwa kwa ajili ya tumbo. "Na hii ya mama mkwe wako," akasema, "hakuna anayejua imetoka wapi. Bibi yake aliipata kwa bibi yake. Niletee kidogo, ile anayoanzia pombe. Tuipime. Ikiwa ni kama unavyosema, inaweza kuzalishwa ikawafaa wafugaji wote wa mkoa."

Nikamuuliza jambo moja ambalo silisahau ninapowafundisha. Ng'ombe akishakula chachu, inakaa tumboni moja kwa moja? Akasema hapana. Haijengi nyumba mle. Inafanya kazi, inapita, inatoka. Kila siku lazima umpe upya.

Nikaenda Issuna. Nilikaa kwenye kigoda changu nikamweleza kuku maneno yote ya Bi Rehema.

"Kuku," mama mkwe akasema, "Paulina alishaichukua kwenye kopo. Ikawaje?"

"Iligeuka siki, kuku."

"Ndugu zake je?"

"Nao iliwafia."

"Basi. Ile haichukuliwi kama chumvi. Inalishwa, inafunikwa, inasikilizwa. Kuna siku ya kuikoroga na siku ya kuiacha. Siwezi kusema kwa maneno, mikono ndiyo inayojua. Anayeitaka aingie humu ndani, akae na mimi mtama uanze kulowekwa mpaka pombe ichujwe, aone. Na wewe kuku unajua kinachotakiwa ili aingie."

Nilijua. Kinachoondoa ile aibu ya kutoonana ni kondoo. Mkwe analeta kondoo dume aliyezaliwa kwenye zizi lake na kulelewa kwa mkono wake mwenyewe, mkia wake mnene. Wazee wanamchinja, mafuta ya mkia yanakaangwa, na mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja. Kuanzia hapo ni mama na mwana, anaingia, anatoka. Wengi hawafanyi tena. Mimi nilitaka. Chachu nilikuwa naitaka, sikatai. Lakini pia nilikuwa nimeshazeekea kwenye ule ukuta, na mtu aliyenifanya niwe hivi nilivyo sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa sauti na kwa harufu ya mtama.

Nikamtenga dume mmoja mweusi. Yule kondoo, vijana, hamtaona mwingine. Machicha asubuhi, mashudu mchana, majani ya viazi jioni. Mkia ukajaa mpaka akitembea unamyumbisha. Shemeji yangu Daudi, kaka yake Paulina, alipokuja kumkagua alimzunguka mara mbili.

"Shemeji, huyu unamlisha au unamposa?"

"Wewe ulimlipia mama mkwe wako nini?"

"Mimi nilitoa mbuzi aliyekonda, na mpaka leo mama mkwe ananiangalia vibaya. Kwa huyu, mama atataka akuoe yeye."

Tukampeleka Issuna siku moja kabla, wazee wameshaitwa. Mimi nililala kwa Daudi upande wa pili wa kijiji, kama inavyotakiwa. Kondoo alifungwa kwa mama mkwe. Na mashangazi walikuwa wamefika kusaidia kupika, wamefurahi, wanaimba. Mgeni haachwi na njaa, hata akiwa kondoo. Wakaona mkwe huyu analisha machicha, basi kondoo wake tumpe kilicho bora kuliko machicha. Wakamchotea uji wa pombe uliokuwa ndiyo kwanza umetiwa chachu, mtamu, mzito, unaanza kuchemka wenyewe. Ndoo nzima. Mama mkwe alikuwa ndani anachuja, hakuona.

Hili liwaingie kichwani. Machicha ni chakula ambacho chachu imeshakimaliza utamu. Uji ule bado una utamu wote, na chachu ina njaa. Ukimpa mnyama, vinakutana tumboni mwake na kazi yote inafanyika mle. Asubuhi Daudi alikuja kunigongea, hakusema utani. Nilimkuta kondoo amelala ubavu, kushoto amejaa kama ngoma. Nilimmiminia mafuta ya alizeti, nilimtoboa ubavuni kwa chuma, hewa ikatoka inanuka pombe. Niliweka ngumi. Kimya. Akafa mkononi mwangu, na mashangazi wamesimama na kanga wameziba midomo.

Hakuna aliyemgombeza mtu. Ungemgombeza nani, mtu aliyetoa kilicho bora? Wazee wakasema kondoo wa heshima akifa kabla ya kuchinjwa, haletwi mwingine kutoka mnadani. Anasubiriwa mwingine azaliwe. Nikarudi kwenye kigoda changu kabla ya kuondoka. Kuku alikuwepo.

"Kuku," mama mkwe akasema, sauti imekwaruza, "mwambie asilie. Mimi sina haraka."

"Silii, kuku."

"Kuku, huyu mtu ni mwongo."

Mwana-kondoo alizaliwa msimu uliofuata, dume, mweupe mwenye doa jeusi sikioni. Nikaanza upya. Na wakati mkia wake unaanza kujaa, mama mkwe naye miguu yake ikaanza kujaa. Hospitali wakasema ni moyo. Akawa anapika pombe kidogo, mara moja moja, kwa ajili ya machicha ya zizi langu tu, wanywaji wakaambiwa waende kwingine. Kila nilipokwenda nilisikia anapumua kabla ya kusema. Anapumua, ndipo anasema, "Kuku." Daudi aliniambia, "Shemeji, leta kondoo alivyo." Nikawaendea wazee. Wakamtazama kondoo wakasema mkia bado, mvua moja tena. Nikakubali, ule ni mji wao.

Paulina akahamia Issuna kumuuguza. Siku moja akanipigia simu, akasema mama anataka kumwona kondoo. Siyo wazee. Mama mwenyewe. Nikampakia kwenye pikipiki ya kubebea mizigo, nikamshika kichwa njia nzima.

Nilifika nikasimama kando ya mlango, mgongo ukutani. Nikamwachia kondoo kamba ndefu, Paulina akamsukuma kidogo, akaingia ndani kwa mama mkwe. Mimi nimebaki nje nimeshika ncha ya kamba. Nasikia kwato kwenye sakafu ya udongo. Nasikia kitanda kinalia, mtu anajiinua. Halafu kamba ikatulia, nikajua amemshika mkia.

Hakuwaita kuku siku hiyo. Alisema na kondoo.

"Wewe kondoo. Mkono uliokulea ni mkono mzuri." Akapumua. "Mwambie aliyeshika kamba, wewe umetosha. Wazee wana macho, mimi nina vidole. Umetosha. Jumapili waitwe, nitakula na yeye, na Jumatatu aingie, tuloweke mtama."

Nilitaka kujibu. Nikatafuta kuku pale uani, sikuona hata mmoja. Basi nikaivuta kamba kidogo, mara mbili, kama unavyomwita mnyama. Ndani akavuta naye, mara moja.

Jumapili hakuifikia.

Kwenye msiba nilichimba kaburi na mashemeji zangu. Hiyo kazi mkwe anaruhusiwa. Mwili ulipopita mbele yangu ulikuwa umefunikwa, na mimi niliinamisha kichwa kama ilivyo desturi, kwa hiyo hata hapo sikumwona.

Mtu akishazikwa, ile aibu nayo imekwisha. Daudi akaniambia, "Ingia, shemeji, tusaidiane kutoa mitungi." Nikapiga hatua ile ambayo sikuwahi kuipiga miaka yote hiyo. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Bi Rehema alikuwa amenipa chupa safi na maelezo: kwangua mtungi, kwangua mwiko, kwangua kila kilichogusa pombe, funika, lete. Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti.

Sakafu ilikuwa imefagiwa na kupigwa maji. Mitungi ilikuwa imepangwa mdomo chini. Ile mikubwa ya kuchachulia ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na mchanga, ndani na nje, mpaka udongo wake umerudi mwekundu kama wa siku ya kufinyangwa. Kichujio kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni na kuanikwa. Mwiko mrefu, ambao Paulina alikuwa akinisimulia kwamba ulikuwa mweusi na una ukoko mzito kama gome la mti, ulikuwa umeegemezwa dirishani, mweupe, unanuka jua.

Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga.

"Tumemsafishia mama yenu vizuri, mkwe. Watu watakaoingia wasiseme aliishi kwenye uchafu. Tangu alfajiri tunasugua."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imechubuka kwa mchanga.

"Asanteni sana, mama," nikasema. "Mmefanya vizuri."

Kwetu ndivyo mtu wa heshima anavyoagwa. Nilikwangua hivyo hivyo nyufa za mtungi mkubwa kwa kisu, nikapata vumbi kidogo, nikampelekea Bi Rehema. Majibu yalirudi baada ya muda: hakuna kilicho hai. Alinipa mwenyewe, hakutuma mtu. Akakaa na mimi kwenye benchi la nje ya ofisi, nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Tangu hapo zizi linatumia hamira ya dukani na ile ya mifuko, mnaijua. Ni nzuri. Msije mkasema mzee kaandika kwamba ni mbaya. Ng'ombe hawaharishi, wachinjaji wanakuja. Hifadhini mfuko mahali pakavu, msiuache juani, mkiufungua ufungeni vizuri, na msimwanzishie mnyama pumba nyingi kwa kutegemea hamira, mpandisheni polepole. Na kila siku mpeni upya. Ukiruka siku, tumbo linajua. Kisha dume lile la Misigiri likanipiga goti, nikawaachia nyinyi kazi, na nyinyi mnaiweza, ingawa si kama mimi.

Yule kondoo mweupe nilimweka. Aliyekuja kumtaka nilimwambia ana mwenyewe. Mkia wake ulipungua kidogo nilipombadilishia chachu, siyo sana, mtu mwingine asingeona. Mwaka huu, siku ya kumaliza msiba, nilimpeleka Issuna nikitembelea fimbo. Wazee hawakusema habari ya mkia. Wakamchinja, mafuta yakakaangwa, na Daudi akaniletea sahani mwenyewe. Akanikuta kwenye kigoda changu, mgongo ukutani, nje. Sikuwa nimefikiria, miguu ilinipeleka hapo yenyewe.

"Shemeji, ingia ndani basi. Siku hizi unaruhusiwa."

"Hapa panatosha."

Akaiweka sahani mapajani mwangu. "Hii ilikuwa muile wawili," akasema, akaondoka.

Nilikula nusu yangu polepole. Mafuta yalikuwa mazuri, nimekula mikia mingi, ninajua. Nusu yake niliiacha upande mwingine wa sahani, nikaiweka sahani chini, kando ya ukuta. Kuku akaja, mwekundu kama yule wa kwanza, sijui ni kitukuu chake. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaanza kudonoa upande ule wa mama.

Sikumfukuza.